Maoni ya haki: je, fedha za lifti ya jengo moja ni jambo la maslahi ya umma?

Swali: Ndugu mwanasheria, ninaishi katika jengo la ghorofa lenye nyumba 64, nasi wakazi tuna chama kinachokusanya ada ya matengenezo. Kwa miaka miwili tumechangia fedha za kubadilisha lifti, na lifti bado imesimama. Mwezi uliopita niliandika hivi mtandaoni, katika ukurasa wa mtaa wetu ambao mtu yeyote anaweza kuusoma: "Mwenyekiti anayekusanya fedha za lifti miaka miwili huku wazee wakipanda ngazi kwa magoti hafai kushika hata daftari la mahudhurio. Fedha amezila. Si ajabu mkewe alimkimbia." Sasa wakili wake ananidai fidia kwa kashfa. Nilimjibu kwamba hayo ni maoni yangu ya haki. Akaniandikia tena kwamba utetezi huo ni wa mambo yenye maslahi ya umma, na kwamba chama cha watu binafsi katika jengo la watu binafsi hakina umma ndani yake. Je, ni kweli?

Jibu: Ndugu muulizaji, ni kweli kwamba utetezi wa maoni ya haki, kwa jinsi ulivyozoeleka katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza, unadai kwamba jambo lililotolewa maoni liwe na maslahi kwa umma. Si kweli kwamba umma huanza pale serikali inapoanza. Hata hivyo nakuomba usifurahi mapema, kwa sababu sentensi zako tatu hazina hali moja mbele ya sheria, na iliyo hatarini zaidi huenda siyo ile unayoidhania.

Kwa kuwa hukutaja nchi, nitaeleza kanuni kama ilivyokuzwa na mahakama, kisha nitaonyesha mahali ambapo nchi zimeachana njia. Mdaiwa anayetaka kujikinga kwa maoni ya haki hutakiwa kuonyesha kwamba maneno yake yalikuwa maoni na si taarifa ya tukio, kwamba yalisimama juu ya mambo ya kweli ambayo msomaji aliweza kuyatambua walau kwa ujumla, kwamba mtu mkweli angeweza kuwa na maoni hayo hata kama ni mtu wa maneno makali au wa kupenda kutia chumvi, na kwamba jambo lenyewe lilikuwa la umma. Akishayaonyesha hayo, mdai bado anaweza kuuvunja utetezi akithibitisha nia mbaya. Masharti hayo manne ndiyo miguu ya utetezi huu; ulioulizwa leo ni mmoja tu, ule wa umma, na nitakaa nao.

Neno "maslahi" limetuponza sisi tunaofanya kazi ya sheria kwa Kiswahili. Tunaposema maslahi ya wafanyakazi tunamaanisha mishahara na stahili zao, yaani manufaa wanayoyapata. Kwa hiyo mtu akisikia "maslahi ya umma" anadhani anatakiwa kuthibitisha kwamba maandishi yake yaliuletea umma manufaa. Nimewahi kusoma hati ya utetezi iliyotumia kurasa tatu kueleza jinsi maandishi ya mdaiwa yalivyoielimisha jamii na kuwaamsha vijana, bila sentensi moja ya kutaja jambo lililokuwa likijadiliwa ni lipi na linamgusa nani. Katika utetezi huu mahakama haiulizi kama maoni yako yamemfaa mtu. Maoni ya kipuuzi, ya upande mmoja, yasiyomsaidia yeyote, yanaweza kukingwa. Kinachopimwa ni mada: je, hili lililozungumzwa ni jambo linalouhusu umma? Ndiyo maana mimi hupendelea kusema "jambo la umma", na nitalitumia hivyo hapa chini.

Kihistoria mahakama zilikuwa na milango miwili ya kuingizia jambo katika kundi hili. Wa kwanza ni mambo ambayo kwa asili yake ni ya watu wote: uendeshaji wa dola, mahakama, serikali za mitaa, makanisa, shule, afya. Wa pili ni mambo ambayo mwenyewe ameyaweka mezani ili yahukumiwe na watu: kitabu kilichochapishwa, mchezo wa kuigiza uliofunguliwa kwa watazamaji, hotuba iliyotolewa hadharani. Mwandishi wa vitabu vya safari, Sir John Carr, alijaribu kudai fidia mwaka 1808 kwa sababu vitabu vyake vilidhihakiwa mpaka vikaacha kuuzika, akashindwa, kwa kuwa aliyeuza kitabu amekubali kisomwe na kichekwe. Maisha yake ya nyumbani hakuwa ameyauza, na jaji alikuwa mwangalifu kulisema hilo.

Milango hiyo miwili bado inatumika, lakini kipimo kinachonukuliwa zaidi siku hizi kinatoka katika shauri la London Artists dhidi ya Littler, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1968 na kuchapishwa katika ripoti za 1969. Jaji Denning alianza kwa kukiri kwamba vitabu vya sheria havina tafsiri ya jambo la umma, vina orodha ya mifano tu, kisha akasema yeye hataki kulifungia katika mipaka myembamba. Kwa maelezo yake, jambo likiwa linawagusa watu kwa jumla, kiasi kwamba wana haki ya kuvutiwa nalo au kuwa na wasiwasi juu ya kinachoendelea, au juu ya yanayoweza kuwapata wao au wenzao, basi ni jambo la umma na kila mtu yuko huru kulitolea maoni ya haki.

Ukweli wa shauri lenyewe unafaa kusimuliwa, kwa sababu unafanana na wako kuliko unavyotarajia. Mtayarishaji wa michezo ya kuigiza alikuwa na mchezo unaoendelea vizuri katika ukumbi mkubwa wa London. Waigizaji wake wakuu wanne wakampa notisi ya kuondoka karibu kwa wakati mmoja. Akaamini kwamba ni njama ya watu waliotaka mchezo wake ufe ili ukumbi upatikane kwa mchezo mwingine, akaandika barua yenye tuhuma hiyo na kuipeleka kwenye magazeti. Mahakama ilikubali kwamba hatima ya mchezo ule ilikuwa jambo la umma, maana watu wengi huenda kwenye maigizo na waigizaji wanajulikana. Hata hivyo mtayarishaji akashindwa. Kusema kwamba kuna njama kulikuwa ni kudai tukio, na tukio hilo hakuweza kulithibitisha. Alivuka mguu wa umma bila shida akaangukia mguu uliofuata, na katika uzoefu wangu hapo ndipo wengi wanapoangukia. Hoja ya jambo la umma ndiyo inayopigiwa kelele sana katika barua za mawakili, na mahakamani ndiyo mara nyingi inayomalizika upesi.

Sasa nije kwenye hoja ya wakili kwamba ninyi ni watu binafsi. Umma hauhesabiwi kwa vichwa wala hautambuliwi kwa muhuri wa serikali. Mwaka 1894 iliripotiwa kesi ya kampuni ya makaa ya mawe ya South Hetton, kaskazini mashariki mwa Uingereza, iliyolishtaki gazeti lililoeleza kwamba nyumba ambazo kampuni iliwapangisha wachimbaji wake zilikuwa chafu na za hatari kwa afya. Mwenye nyumba alikuwa mtu binafsi, wapangaji walikuwa waajiriwa wake, na mkataba ulikuwa wao wenyewe; juu ya hayo yote mahakama iliona kwamba hali ya usafi wa nyumba nyingi za namna hiyo ni jambo la umma. (Gazeti lilishindwa kwa sababu nyingine, utagundua kuna mazoea hapa.) Mwaka 1968, katika shauri la Slim dhidi ya Daily Telegraph, kilichojadiliwa kilikuwa kidogo zaidi: kampuni kupitisha magari yake katika njia ya waenda kwa miguu kando ya mto Thames, na msomaji mmoja kuandika barua gazetini akiilaumu kampuni na wakili wake. Njia moja na mtaa mmoja vilitosha, na safari hii utetezi ulifaulu.

Mahakama ya Juu ya Kanada ililiweka hilo wazi mwaka 2009 katika shauri la Grant dhidi ya Torstar, lililohusu mtu aliyetaka kupanua uwanja wake wa gofu karibu na ziwa huku majirani wakihofia mazingira na wakishuku mkono wa wanasiasa. Shauri lile lilihusu utetezi jirani, ule wa mawasiliano ya uwajibikaji, unaomkinga aliyechapisha jambo la umma kwa uangalifu, lakini majaji waliazima kipimo cha umma kutoka katika maoni ya haki, wakasema si lazima jambo liihusu jamii nzima. Yatosha sehemu fulani ya jamii iwe na haja ya kweli ya kulijua. Walisema pia kwamba udadisi mtupu hautoshi, hata ukiwa wa mamilioni.

Hiyo kauli ya mwisho ndiyo nusu ya pili ya kanuni, nayo hukata pande zote mbili. Jambo linaweza kusomwa na nchi nzima na lisiwe la umma. Mwaka 2006, katika shauri la Jameel lililofika katika Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, Jaji Hale alitoa mfano wa umbea kuhusu wake na wapenzi wa wachezaji soka: watu wanaupenda sana, na hakuna umma wowote ndani yake. Kwa hiyo ukijitetea kwa kusema kwamba andiko lako lilisambazwa mara elfu moja, umethibitisha kwamba liliwavutia watu, na hiyo hasa ndiyo hoja ambayo mdai angependa uithibitishe anapohesabu fidia.

Nikilipima shauri lako kwa vipimo hivyo, naona mambo matatu yanayolivuta kuelekea umma. Kuna fedha za pamoja zilizochangwa na familia 64 kwa ajili ya kazi maalumu. Kuna mtu aliyekubali kuchaguliwa azisimamie, na anayekubali usimamizi wa mali ya wengine amekubali pia kuhojiwa juu yake. Na kuna usalama na uwezo wa watu kuishi: lifti iliyosimama katika ghorofa humzuia mzee kufika kliniki, na humhusu mgeni, mtoa huduma na mtu anayefikiria kupanga humo kesho. Ningekuwa jaji, ningelikubali. Siwezi kukuahidi kwamba kila jaji angelikubali, maana ukiondoa lifti na wazee ukabakiza ugomvi wa wanachama wawili juu ya nani asome kumbukumbu za kikao, unabaki na faragha ya kikundi, na wakili wa upande wa pili atajitahidi kulipunguza jambo mpaka lifikie hapo. Uamuzi huu, tambua, ni wa jaji mwenyewe kama suala la sheria, hata katika nchi ambako juri, yaani jopo la raia, hukaa kusikiliza kashfa, na mzigo wa kumshawishi ni wako.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza na ambalo lingekusaidia. Kama ungeandika katika kundi la wakazi peke yao, ungekuwa na ngao nyingine isiyohitaji umma kabisa: kinga ya mawasiliano kati ya watu wenye haja ya pamoja, ambayo humlinda mwanachama anayewaambia wanachama wenzake habari za chama chao, hata akikosea, mradi hana nia mbaya. Kwa kuandika katika ukurasa wa wazi umeipoteza ngao hiyo au umeidhoofisha sana, na ndiyo maana sasa unalazimika kuuegemea umma. Wakili wako huenda akajaribu zote mbili. Mimi nisingetegemea sana ile ya kinga.

Turudi kwenye sentensi zako. Ya kwanza, kwamba mwenyekiti hafai kushika hata daftari la mahudhurio, ni maoni waziwazi, tena umeyaegemeza hapo hapo kwenye mambo yanayoweza kuthibitishwa: fedha zimekusanywa miaka miwili, na lifti haifanyi kazi. Hayo ya magoti ni chumvi, na sheria huvumilia chumvi ambayo msomaji wa kawaida anaitambua kuwa chumvi. Ukiwa na risiti za michango na kumbukumbu za vikao, sentensi hii inaweza kusimama.

Ya pili ina maneno mawili na ndiyo inayoninyima usingizi kwa niaba yako. "Fedha amezila." Mada yake ni ya umma kama ya kwanza, kwa hiyo wakili anayepigania hoja ya jengo la watu binafsi amepiga mahali pasipo na jeraha. Lakini kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba kula fedha ya watu ni kuiba, na wewe hukusema unashuku wala hukusema inaonekana. Umesema tukio limetokea. Hapa unasimama pale aliposimama mtayarishaji wa maigizo na njama yake. Uwe na ushahidi kwamba amezila, na hapo utetezi wako ni ukweli, siyo maoni, au sentensi hiyo haina kinga. Hata ukijitahidi kuisoma kama hitimisho lako kutokana na yaliyotangulia, utakutana na shauri la Campbell dhidi ya Spottiswoode la mwaka 1863. Mhariri wa gazeti la dini alikuwa na mradi wa kueneza Ukristo China, mkosoaji akaandika kwamba shabaha yake ilikuwa kuongeza mauzo ya gazeti lake. Mradi ulikuwa jambo la umma, na juri liliona kwamba mkosoaji aliamini alichokiandika. Mahakama ikasema kumbandika mtu nia chafu bila msingi wa mambo ya kweli hakukingwi na imani ya aliyembandika. Kukawia kwa lifti kunaweza kutokana na fundi mlaghai, vipuri vilivyokwama bandarini au uzembe mtupu. Peke yake hakuonyeshi wizi.

Ya tatu, kuhusu mkewe, ndiyo sentensi pekee ambayo wakili wa mwenyekiti ana hoja kamili ya umma juu yake. Jambo la umma huingia na mipaka yake; haligeuzi kila kitu cha mhusika kuwa cha watu wote. Ndoa ya mwenyekiti haikuchangiwa na wakazi. Faragha ya kiongozi huwa jambo la umma pale tu inapogusa kazi aliyopewa: kama, kwa mfano, mkewe ndiye angekuwa mmiliki wa kampuni iliyopewa zabuni ya lifti, ndoa hiyo ingekuwa katikati ya mjadala, na kuvunjika kwake pia. Hilo halipo hapa. Mbaya zaidi, kejeli ya aina hii huwa zawadi kwa mdai anayetafuta nia mbaya, kwa sababu ataisoma mbele ya jaji na kusema: mtu aliyekuwa akijali lifti angeishia kwenye lifti. Nia mbaya katika utetezi huu, kama Jaji Nicholls alivyoeleza Hong Kong mwaka 2000 katika shauri la Tse Wai Chun Paul dhidi ya Cheng, haimaanishi chuki bali kutoamini unachokisema. Ila siyo kila nchi imeifuata tafsiri hiyo, na siyo kila jaji huisahau chuki aliyoiona.

Sasa kuhusu nchi. Uingereza na Wales, sheria ya kashfa ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 1, 2014, iliufuta utetezi wa zamani na kuweka wa maoni ya uaminifu usiodai tena jambo la umma. Huko barua ya wakili huyo ingekuwa imepitwa na wakati kabisa. Scotland ilifuata njia hiyo kwa sheria ya mwaka 2021. Australia kwa sheria zake za 2005 na Ireland kwa sheria ya 2009 zilibadilisha jina na mengine mengi lakini zikaubakiza mguu huu. Kanada na Hong Kong wanao, na Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliurudia mwaka 2011 katika shauri la McBride, ikisema kwamba neno "haki" linapotosha kwa sababu maoni yanaweza kuwa makali na yasiyo na uwiano, ila lazima yahusu jambo la umma. Jihadhari pia na mkanganyo mmoja: sheria hiyohiyo ya Uingereza ya 2013 ina utetezi tofauti wa uchapishaji katika jambo la umma, ambao hukinga hata taarifa za matukio zilizokosewa, lakini huko mdaiwa huulizwa kama aliamini kwa sababu za msingi kwamba kuchapisha kulikuwa na maslahi kwa umma. Ukisoma hukumu za utetezi huo na kuzihamishia kwenye maoni ya haki, utajibebesha mzigo usio wako.

Kabla ya kugusa chochote katika ukurasa ule, hifadhi nakala ya andiko lako na majibu yake yote, kisha kusanya risiti na kumbukumbu za vikao. Baada ya hapo iondoe sentensi ya mke, na umwombe radhi mwenyekiti kwa hiyo peke yake. Ile ya kula fedha iondoe pia kama huna ushahidi zaidi ya lifti kusimama. Maneno ya radhi ayaandike wakili wako, maana radhi iliyoandikwa vibaya husomwa kama kukiri yote. Kuhusu sentensi ya kwanza, usirudi nyuma kwa sababu ya barua hiyo. Na utakapoandika utetezi, litaje jambo la umma kwa umbo lake halisi. Usiandike "uongozi wa jengo letu", ambao ni mpana na mtupu kiasi kwamba jaji hatajua anaulizwa nini. Andika "ukusanyaji na matumizi ya fedha za lifti katika jengo lenye familia 64, ambalo lifti yake haijafanya kazi kwa miaka miwili".